Umbo la Paris, Mti wa Karibi: Madeni Mawili ya Samani za Mahogani za Uingereza

Kiti cha mahogani kilichochongwa London katikati ya karne ya 18 kina mambo mawili makubwa ambayo hayakuzaliwa Uingereza. La kwanza ni umbo: miguu iliyopinda, kingo zilizopambwa kwa majani na makombe ya baharini, egemeo linaloupokea mgongo wa mkaaji badala ya kumlazimisha akae wima. Umbo hilo lilitoka Ufaransa. La pili ni mbao yenyewe, nzito, ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, yenye kung'aa ikisuguliwa. Hiyo ilitoka Jamaika, Kuba na pwani ya Belize. Hata hivyo kiti hicho huitwa cha Kiingereza, huuzwa mnadani kwa jina la fundi Mwingereza, na huwekwa katika makumbusho kuwa kielelezo cha ladha ya Waingereza. Swali la kifalsafa linaanzia hapo: kitu cha namna hii ni cha nani, na anayekimiliki anadaiwa nini na wale waliotoa umbo na wale waliotoa mti?

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walipotaka kueleza vitu ni nini, mara nyingi walikwenda kwenye karakana ya seremala. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anazungumzia vitanda vitatu: wazo lenyewe la kitanda, ambalo ni kazi ya Mungu, kitanda anachokiunda seremala kwa kuliangalia wazo hilo, na kitanda anachokichora mchoraji kwa kukiangalia cha seremala. Aristotle, mwanafunzi wake, aliliteremsha umbo na kuliweka ndani ya kitu chenyewe. Kwake kila kitu kina umbo na kina maada, na fundi ndiye anayeviunganisha. Katika Fizikia anaikumbuka hoja ya mwanafikra Antiphon, kwamba kitanda kikizikwa ardhini na mbao zake zilizooza zikachipua, kitakachoota si kitanda, ni mti. Umbo ni la ufundi na desturi, lakini mti una asili yake, wala hauisahau kwa sababu umepigwa randa. Katika samani za mahogani za Uingereza tofauti hiyo ya Aristotle ina uzito wa pekee, kwa kuwa umbo na maada vilitoka pande mbili za Bahari ya Atlantiki na vilipatikana kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Umbo la Kifaransa liliingia Uingereza kwanza kwa miguu ya wakimbizi wa dini. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa alitoa Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa nchi hiyo, Wahugenoti, ruhusa ya kuabudu katika mipaka iliyowekwa. Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta amri hiyo. Makanisa yalibomolewa, wachungaji wakapewa siku chache za kuondoka, na waumini wa kawaida wakakatazwa kabisa kutoka nchini. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka angeweza kupelekwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme maisha yake yote. Pamoja na hayo inakadiriwa kwamba watu wapatao 200,000 walitoroka, na kiasi cha 50,000 kati yao wakafika Uingereza. Wengi walikaa Spitalfields na Soho, London, wakawa wafumaji wa hariri, wafua fedha, watengenezaji wa saa na wachongaji.

Hapo pana jambo la kutafakariwa na yeyote anayeuliza juu ya dini na uzuri. Nyumba za ibada za Wahugenoti zilikuwa tupu, bila sanamu wala mapambo, lakini watu waliozoea kusali ndani yake ndio waliochonga na kupaka dhahabu meza za wafalme. Hawakuwa wanafiki. Jean Calvin, mwalimu wao mkuu, mzaliwa wa Noyon nchini Ufaransa, alipinga vikali kumfanyia Mungu sanamu, lakini katika kitabu chake kikuu cha mafundisho alieleza kwamba uchongaji na uchoraji ni vipaji kutoka kwa Mungu, na kinachotakiwa ni vitumike kwa njia safi na halali. Kazi ya mikono nayo aliiona kuwa wito, sawa na kazi nyingine yoyote. Kwa hiyo mchongaji aliyekimbilia London hakuona kwamba kazi yake inaisaliti imani yake. Swali ambalo mafundisho hayo yaliliacha wazi ni hilo la neno halali: je, uhalali wa kazi nzuri unaishia katika nia ya fundi, au unafika hadi kwenye malighafi aliyoishika?

Mashuhuri kati ya wakimbizi hao ni Daniel Marot, aliyezaliwa Paris mwaka 1661. Alikwenda Uholanzi akaingia katika utumishi wa William wa Orange, akabuni mapambo ya kasri la Het Loo, na William alipokuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1689, ladha ya Marot ilimfuata hadi Hampton Court. Mhugenoti mwingine, Jean Pelletier, alichonga na kupaka dhahabu samani za mfalme huyohuyo. Michoro ya Marot ilimfundisha seremala wa Kiingereza kukifikiria chumba chote kama kazi moja, ambamo kitanda, pazia, kioo na kiti huzungumza lugha moja. Kabla ya hapo samani za Uingereza zilikuwa imara na za kuheshimika, lakini kila moja ilisimama peke yake.

Mbao iliyotumika wakati huo ilikuwa mjozi. Mahogani ilikuja baadaye kidogo. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa forodha kwa mbao zilizotoka katika makoloni ya Uingereza ya Amerika, na Jamaika, ambayo Waingereza waliiteka kwa Wahispania mwaka 1655, ilikuwa na misitu ya mti huo. Mti wenyewe ni wa familia moja na mkangazi na mwarobaini wa Afrika Mashariki. Mbao zake ni pana, hazijipindi kwa urahisi, wadudu hawazipendi, na patasi kali hupita ndani yake bila kuzipasua. Seremala aliyezoea vipande vyembamba vya mjozi alipopewa ubao mmoja unaotosha uso mzima wa meza, alipata uhuru ambao baba yake hakuwa nao.

Kizazi cha pili cha umbo la Kifaransa hakikuja na wakimbizi, kilikuja kwa karatasi. Mtindo wa rokoko, wenye mistari inayojikunja kama mawimbi na pande mbili zisizolingana, ulikomaa Paris katika miaka ya 1720 na 1730, kisha ukasafiri kwa michoro iliyochapwa kwa mabamba ya shaba. Mchoraji Mfaransa Hubert Gravelot aliishi London kwa zaidi ya miaka kumi hadi 1745, akafundisha katika shule ya sanaa ya St Martin's Lane iliyoanzishwa na mchoraji Mwingereza William Hogarth mwaka 1735. Mtaa huohuo ulikuwa wa maseremala. Mchongaji Matthias Lock alichapisha michoro yake ya rokoko katika miaka ya 1740, na Thomas Chippendale, mwana wa seremala kutoka Otley, Yorkshire, baadaye akafungua karakana yake katika mtaa huo. Mwaka 1754 Chippendale alitoa kitabu kikubwa cha michoro ya samani, kikachapwa tena mwaka 1755, na mwaka 1762 toleo la tatu likawa na mabamba 200. Ndani yake mna viti alivyoviita waziwazi vya Kifaransa.

Kitabu hicho kilikipindua kile kisa cha Plato cha vitanda vitatu. Kwa Plato picha ni kivuli cha kivuli, kwa maana mchoraji humfuata seremala na kubaki nyuma yake. Katika St Martin's Lane picha ilitangulia. Bwana mwenye shamba huko Yorkshire alichagua mchoro, akauagiza, na kiti ambacho hakijawahi kuwako kikaundwa kwa kuufuata. Michoro mingine ilikuwa na nakshi nyingi kuliko mbao inavyoweza kubeba, na hapo seremala alilazimika kuamua mwenyewe nini kibaki na nini kiondolewe. Kuiga kwa namna hiyo kulihitaji akili ya mwigaji kila hatua.

Ushahidi mzuri zaidi wa akili hiyo ni jinsi mahogani ilivyolibadilisha umbo lililoazimwa. Paris ilikuwa na vyama vya mafundi vyenye mipaka mikali. Waliotengeneza viti walikuwa kundi moja, waliobandika utando wa mbao za thamani juu ya kabati walikuwa kundi jingine, na mapambo ya shaba yalikuwa ya wengine tena. Kiti cha Paris kilichongwa kwa mbao za kawaida kisha kikafichwa chini ya rangi au dhahabu. Kabati lake lilimetameta kwa shaba iliyopakwa dhahabu kwenye kila pembe. Fundi wa London hakufungwa na mgawanyo mkali namna hiyo, tena alikuwa na mti ambao ingekuwa hasara kuufunika. Akaichonga nakshi ndani ya mahogani yenyewe na kuiacha bila rangi. Pale Mfaransa alipoweka jani la shaba, Mwingereza alichonga jani la mbao. Egemeo ambalo Paris lingefunikwa kitambaa, London lilitobolewa likawa utepe wa mbao uliofumwa, mwembamba kiasi ambacho mbao dhaifu ingekatika. Matokeo yake ni samani zenye mwendo wa Kifaransa na utulivu ambao Paris haikuujua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kiti kizuri cha London cha mwaka 1760 ni kazi iliyokamilika zaidi kuliko nyingi za zile zilizokifundisha, kwa sababu ndani yake umbo limekubali kusikiliza maada.

Baadhi ya hayo yalitokea wakati mataifa hayo mawili yakipigana. Vita vya Miaka Saba, kuanzia 1756 hadi 1763, vilifika Amerika, Karibi na India. London ilikuwa na vyama vya watu waliojiita wapinzani wa Ufaransa, wakihimiza watu wasinunue bidhaa zake wala kufuata mitindo yake. Mchongaji Thomas Johnson alikitoa wakfu kitabu chake cha michoro cha mwaka 1758 kwa Lord Blakeney, kiongozi wa wapinzani hao, ilhali ndani mna rokoko ya Kifaransa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hogarth naye, aliyewadhihaki Wafaransa katika picha zake, aliandika mwaka 1753 kitabu cha kuchambua uzuri ambacho kinausifu mstari unaopinda, na miongoni mwa mifano yake aliweka miguu ya viti. Ni rahisi kuwaita watu hawa vigeugeu. Lakini mwenendo wao unaonyesha jambo la kweli kuhusu umbo: mara likishaeleweka na mkono, halina tena pasipoti. Johnson hakuhisi kwamba anachonga Kifaransa. Alihisi anachonga vizuri.

Tena Ufaransa yenyewe haikuwa chemchemi safi. Juste-Aurèle Meissonnier, mmoja wa waasisi wa rokoko, alizaliwa Turin, Italia. Jean-François Oeben na Jean-Henri Riesener, mafundi wakubwa wa samani za wafalme wa Ufaransa, walizaliwa Ujerumani. Ukucha unaoshika tufe, ambao Waingereza waliupenda sana mwishoni mwa mguu wa kiti, mara nyingi huhusishwa na joka la Kichina na lulu yake. Anayetafuta mmiliki wa kwanza wa umbo atatembea hadi achoke, na kila kituo kitampeleka kwa mwalimu mwingine wa mbali zaidi.

Baada ya amani ya 1763 matajiri wa Uingereza walirudi kununua Paris. Fundi Pierre Langlois alikuwa tayari akiunda London makabati ya mtindo wa Paris. Chippendale mwenyewe aliagiza kutoka Ufaransa fremu za viti ambazo hazijamalizwa, na mwaka 1769 forodha ikazikamata. Mitindo ikageuka: msanifu majengo Robert Adam, aliyesoma magofu ya Italia akiongozwa na Mfaransa Charles-Louis Clérisseau, alirudisha mistari iliyonyooka ya kale, na vitabu vya George Hepplewhite na Thomas Sheraton vikailainisha kwa kutazama samani za Louis wa Kumi na Sita. Sheraton, inafaa kukumbukwa, alikuwa pia mhubiri wa Kibaptisti aliyeandika juu ya kuzaliwa upya kiroho kabla ya kuandika juu ya meza. Mkondo nao ulikuwa ukirudi Ufaransa. Kitabu cha Chippendale kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1762, na katika miaka ya 1780 Georges Jacob wa Paris alikuwa akitengeneza viti vya mahogani tupu kwa namna ya Kiingereza. Ufaransa ilirudishiwa umbo lake likiwa limevaa mti wa Waingereza, na hakuna upande uliopungukiwa na kitu.

Hilo la kutopungukiwa ndilo kiini cha suala zima. Jirani akijifunza kwa kutazama jinsi pilau inavyoungwa, sufuria ya aliyetazamwa haipungui hata punje. Akichota mchele, imepungua. Umbo ni la aina ya kwanza. Chippendale alipochukua mpindo wa mguu wa Kifaransa, Wafaransa waliendelea kuwa nao. Maadili ya kupokea umbo ni maadili ya mwanafunzi: kumtaja mwalimu, kutomdharau, na kuongeza kitu katika kile alichopewa. Kwa Wahugenoti deni hilo lina uzito zaidi, kwani ujuzi wao ulifika Uingereza kwa sababu walionewa kwao. Lakini aliyewaonea alikuwa mfalme wa Ufaransa. Huko Uingereza waliuza kazi yao, wakalipwa, wakajenga makanisa na kurithisha karakana kwa watoto wao. Wanachodaiwa Waingereza hapo ni shukrani, na shukrani hulipwa kwa kukiri.

Maada haiendi hivyo. Mti uliokatwa Jamaika haukubaki Jamaika. Mahogani ya kisiwa hicho ilipunguka haraka katika sehemu zilizofikika, na wafanyabiashara wakaigeukia Kuba na zaidi sana pwani ya Ghuba ya Honduras, katika eneo ambalo leo ni Belize. Huko Waingereza walikuwa wakikata miti katika nchi iliyodaiwa na Hispania, na mkataba wa 1786 ndio uliowaruhusu rasmi kukata mahogani. Waliokata hasa hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, na watoto wao waliozaliwa humo humo.

Kazi yenyewe ilihitaji ujuzi wa hali ya juu, na jambo hili husahaulika hata na wale wanaoukumbuka utumwa. Mahogani haioti kwa vichaka. Huota mmoja mmoja, mbalimbali, katikati ya msitu mnene. Kila kikosi kilikuwa na mtafutaji wake, mtumwa aliyepanda juu ya mti mrefu kuliko mingine wakati majani ya mahogani yanapogeuka rangi, akaitambua kwa rangi hiyo kutoka mbali, akaongoza wenzake hadi penye shina. Kwa kuwa sehemu ya chini ya shina hutanuka kuwa kuta za mizizi, walijenga jukwaa kuuzunguka mti na kuukata wakiwa juu ya jukwaa hilo, mita kadhaa kutoka ardhini. Njia ilifyekwa hadi mtoni. Wakati wa kiangazi magogo yaliburutwa na maksai usiku, kwa mwanga wa mienge, kwa sababu joto la mchana lingewaua wanyama. Mvua ziliposhuka na mito kujaa, magogo yaliachiliwa yaelee hadi baharini. Wakataji walikaa msituni kwa miezi mingi, mbali na wake zao na watoto wao.

Ikiwa ufundi ni kuona kitu ambacho wengine hawakioni, basi yule aliyekaa juu ya mti akisoma rangi za majani alikuwa fundi sawa na Chippendale. Tofauti ni kwamba ujuzi wake haukuwa mali yake. Mhugenoti aliubeba ujuzi wake kuvuka bahari na kuuza matunda yake, ilhali mtafutaji miti wa Belize aliuzwa yeye pamoja na ujuzi wake.

Fedha nazo zilitoka pande hizohizo. Kazi kubwa kuliko zote ambazo Chippendale alipata ilikuwa Harewood House, Yorkshire, kuanzia 1767, kwa Edwin Lascelles. Utajiri wa familia ya Lascelles ulitokana na sukari, mikopo na biashara ya watumwa katika visiwa vya Karibi, Barbados hasa. Haitoshi basi kusema kwamba mbao tu ndiyo iliyoguswa na utumwa. Mteja aliyelipia kiti naye alilipa kwa fedha za asili hiyohiyo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant anaweza kuitwa kutetea uzuri wa kiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uamuzi wa ladha anatoa mfano wa mtu anayeulizwa kama jumba la kifalme ni zuri. Mtu huyo anaweza kujibu kwa kulaani majivuno ya wakuu wanaotapanya jasho la watu kwa vitu visivyo na haja. Kant anakubali kwamba lawama hiyo inaweza kuwa na haki, ila anasema haijibu swali lililoulizwa. Swali lilikuwa kama kitu kinapendeza kikitazamwa tu, bila kujali manufaa wala asili yake. Hoja hii ina nguvu. Anayedai kwamba kiti kimekuwa kibaya machoni kwa sababu ya utumwa anachanganya mambo mawili, na mara nyingi hasemi kweli juu ya kile anachokiona.

Lakini mahogani inaibana hoja hiyo mahali pasipotarajiwa. Katika jumba la Kant, uzuri uko katika mpango wa jengo na jasho liko nje yake, katika historia yake. Katika kiti cha London uzuri mwingi uko katika mti wenyewe: rangi yake, mawimbi ya nyuzi zake, wembamba wa egemeo ambao mbao nyingine haiuwezi, upana wa ubao usio na kiungo. Kinachompendeza mtazamaji ndicho kilekile kilichochukuliwa. Mtu anaweza kuutenga mpindo wa Kifaransa na historia ya Wahugenoti, kwa kuwa mpindo ni wazo. Hawezi kuutenga wekundu wa mahogani na mti fulani uliosimama mahali fulani ukaangushwa na watu fulani. Kuutazama uzuri huo kwa makini, kama Kant anavyotaka, ni kuitazama maada, na maada ina asili.

Mtu mmoja wa zama hizohizo aliishi kulingana na ufahamu huo. John Woolman, fundi cherehani na mfanyabiashara mdogo wa New Jersey, alikuwa wa jumuiya ya Marafiki, yaani Wakweka, kanisa ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Mwaka 1754, mwaka uleule wa kitabu cha Chippendale, alichapisha andiko la kupinga umiliki wa watumwa. Aliacha kuvaa nguo zilizotiwa rangi. Alikataa kunywa katika vyombo vya fedha. Mwaka 1772 alikwenda Uingereza, na mwaka huohuo akafia York, katika Yorkshire ileile ya Harewood. La maana zaidi kwa suala hili ni desturi yake alipokuwa akisafiri katika makoloni ya kusini mwa Amerika: akilala katika nyumba ya mwenye watumwa, aliacha fedha kwa ajili ya watumwa waliomhudumia. Hakutosheka kusikitika. Alitambua kwamba kuna mtu fulani anayemdai, na kwamba deni hilo halilipwi kwa kumshukuru mwenye nyumba.

Inaweza kupingwa kwamba seremala wa London hakumfunga mtu minyororo, na kwamba mnunuzi wa leo yuko mbali zaidi. Ni kweli kuhusu hatia. Hatia humhitaji mtendaji aliyejua na kutenda. Deni halihitaji hivyo. Anayerithi mali iliyodhulumiwa si dhalimu, lakini mali haijawa halali kwa sababu imebadilisha mikono, na dini zote kubwa zinazofuatwa Afrika Mashariki zinakubaliana juu ya hilo. Wala hoja kwamba kila kitu cha kale kina dhuluma ndani yake haifuti chochote. Inaongeza tu idadi ya madeni. Tena dhuluma hazilingani: mpindo wa Kifaransa unaweza kutumiwa leo na seremala yeyote bila kumkosesha mtu kitu, huku msitu ukiwa bado unahesabu hasara, kiasi kwamba biashara ya mahogani ya majani mapana imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 2003.

Kwa hiyo makumbusho yanayoandika chini ya kiti kwamba ni cha mtindo wa Kifaransa, kazi ya London, yamelipa deni la kwanza na kulinyamazia la pili. Belize imeweka kwenye bendera yake mti wa mahogani na wakata miti wawili, na yeyote anayeandika historia ya samani hizi anaweza kuanzia hapo. Deni hilo liliwahi kupewa nafasi ya kulipwa. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fedha hizo walipewa waliokuwa wakimiliki watumwa, akiwemo Earl wa Harewood, wa familia ileile ya Lascelles. Waliokuwa watumwa, wakata mahogani wakiwa miongoni mwao, hawakulipwa chochote.